Shangazi alidhani presha imeshuka

Shangazi yangu anauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Anakaa kwenye kigoda, mteja akija anainuka ghafla, na macho yanaingia giza. Hali hiyo ilimwanza baada ya kuanza dawa za presha. "Presha yangu sasa ni ya kushuka," akatutangazia, akaacha dawa. Miezi mitatu baadaye nilimsindikiza Mnazi Mmoja. Kipimo: 190 kwa 110. Naye alikuwa anajisikia mzima kabisa!

Ndugu msomaji, mtu mzima ana damu kama lita tano. Akisimama, zaidi ya nusu lita huteremkia miguuni na tumboni. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo, na ule unaotoka kwenye moyo, kuna neva zinazohisi ukuta wa mshipa unavyovutwa. Msukumo ukipungua zinaupa ubongo taarifa, moyo unaongeza mapigo, mishipa midogo inajibana, na kichwa kinapata damu ndani ya sekunde chache. Wakichelewa kidogo tu, unaona nyota.

Mtazame kuli anayepanda ngazi na robota la mitumba. Mishipa ya misuli inatanuka, ya tumbo inabana, na moyo uliokuwa unasukuma lita tano kwa dakika unaweza kufika 15 au zaidi. Presha yake inapanda, akipumzika inashuka. Huo si ugonjwa. (Ndiyo maana ukifika kliniki unahema, kaa kwanza dakika tano ndipo upimwe.)

Figo nazo zina kazi yao, ya polepole: zikibakiza chumvi, zinabakiza na maji, damu inaongezeka.

Tatizo ni kwamba neva zile zina mazoea. Presha ikikaa juu muda mrefu, zinaichukulia hiyo ndiyo kawaida na hazipigi kelele tena, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiumia. Dawa ikiishusha, zinashtuka mwanzoni, na mgonjwa anailaumu dawa. Wengine wamepata kiharusi katika kipindi hicho cha "nimepona".

Daktari hakumgombeza shangazi. Alibadilisha dozi, kisha akawa anampima mara mbili, ameketi na amesimama. Sasa mteja akija, shangazi anachezesha vidole vya miguu, anashika meza, anainuka taratibu. Mteja akinuna kwamba anacheleweshwa, anamjibu: "Tulia mwanangu, bei haikimbii."