Kontena Hapa, Hifadhidata Kule

Programu inayoendeshwa ndani ya kontena hufungwa pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi: maktaba zake, mipangilio yake, hata toleo lile lile la lugha iliyoandikiwa. Docker, iliyotangazwa mwaka 2013, ndiyo iliyoueneza utaratibu huu. Kontena si kompyuta kamili. Linatumia kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta mwenyeji, kwa kawaida Linux, ila lina mafaili yake na mtandao wake. Tena limeundwa ili liweze kufutwa na kuanzishwa upya wakati wowote, na kilichoandikwa ndani yake bila kuhifadhiwa nje hufutika nalo.

Ndiyo maana data za mauzo, wateja na malipo huwekwa pengine, na siku hizi wengi hukodi hifadhidata ya wingu. Amazon ilianza kutoa huduma yake ya RDS mwaka 2009. Mtoa huduma hutunza mashine na kuchukua nakala rudufu. Mteja hupewa anwani, namba ya mlango, jina la mtumiaji na nywila.

Anwani ndiyo inayokwamisha wengi mwanzoni. Programu iliyojaribiwa kwenye kompyuta moja na hifadhidata yake huwa imeelekezwa localhost, yaani 127.0.0.1, anwani ambayo kila mashine huitumia kujiita yenyewe. Ikishaingia ndani ya kontena, anwani hiyo hulitaja kontena, si kompyuta tena. Programu hubisha mlango wa 5432, ule wa hifadhidata ya PostgreSQL, na humo ndani hakuna anayesikiliza. Jibu huja papo hapo: muunganisho umekataliwa. Dawa ni kuandika jina kamili la seva kama lilivyotolewa na mtoa huduma. Liandikwe jina, si namba ya IP, kwa kuwa namba inaweza kubadilika pale seva ya akiba inaposhika nafasi ya iliyoharibika.

Kutoka nje ya kontena si kazi. Docker hulipa kontena anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 172.17, na kila ombi linapotoka kompyuta mwenyeji huibadilisha kuwa yake. Chaguo la -p, ambalo wengi huliongeza wakidhani litasaidia, ni la wanaoingia; safari ya kutoka haihusiki nalo. Matokeo yake, makontena yote ya kompyuta moja huonekana kule mbali kama wapangaji wanaopita lango moja. Kwa hiyo anwani ya kuandikishwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuifikia hifadhidata ni ile ya umma ambayo kompyuta mwenyeji hutokea nayo kwenye intaneti. Isipokuwemo, faiwoli ya kule kwa kawaida haijibu neno, na programu husubiri hadi muda wake uishe. Tofauti hii huokoa saa nyingi za kutafuta kosa: kukataliwa mara moja huashiria mlango usio na msikilizaji, kimya kirefu huashiria kizuizi njiani. Anayechoka na kuruhusu 0.0.0.0/0, yaani dunia nzima, atafanikiwa kuunganisha, lakini atakuwa amebakiza nywila peke yake kati ya data za wateja na roboti zinazopekua intaneti usiku na mchana.

Nywila nayo isiingie kwenye imeji ambayo kontena huanzishwa kutokana nayo. Imeji hujengwa kwa matabaka: faili la siri likinakiliwa katika tabaka moja na kufutwa katika tabaka la juu yake, bado limo chini, na yeyote aliye na imeji hiyo anaweza kulichomoa. Siri hupewa kontena linapoanza, kwa vigezo vya mazingira kama DATABASE_URL, au, bora zaidi, kwa faili linalowekwa chini ya /run/secrets. Kuna mtego mdogo hapa. Nywila yenye alama ya @ ikiandikwa ndani ya anwani ya DATABASE_URL huivuruga, kwa sababu alama hiyo ndiyo inayotenga nywila na jina la seva; badala yake huandikwa %40.

Data zinazopita kwenye intaneti lazima zisimbwe. Katika PostgreSQL, sslmode=require husimba, lakini peke yake haithibitishi kuwa seva iliyojibu ndiyo iliyokusudiwa; verify-full hufanya yote mawili. Hiyo huhitaji cheti cha mamlaka inayoidhinisha seva, na cheti kilicho kwenye kompyuta mwenyeji hakionekani ndani ya kontena mpaka kiingizwe humo.

Umbali nao una gharama. Kwa mfano, kati ya programu iliyo Dar es Salaam na hifadhidata iliyo Frankfurt kuna karibu kilomita 7,000. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70, na nyaya halisi huzunguka zaidi. Ukurasa unaouliza hifadhidata maswali 50, moja baada ya jingine, humngojesha mtumiaji sekunde tatu na nusu. Maswali yaunganishwe, na miunganisho iliyokwisha kufunguliwa itumike tena. PostgreSQL yenyewe, isipobadilishwa, hukubali miunganisho 100 tu, na makontena kumi yanayofungua 15 kila moja huipita.

Njia yenyewe nayo hukatika. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Programu iliyoandikwa vizuri hujaribu tena, ikirefusha kipindi cha kusubiri kila mara. Maombi ya kuandika yanataka uangalifu zaidi, kwani malipo yanaweza kuwa yameshaingia kabla jibu halijapotea njiani. Kila muamala hupewa namba yake ya kipekee tangu upande wa programu, na hifadhidata huukataa ukija mara ya pili.