Kipya, Mtumba au cha Kuazima: Riwaya Ipi Inastahili Pesa Yako?

Mwezi haujaisha, fedha ni ya kuhesabu, na unataka kitabu cha kusoma wikiendi hii. Kanuni yangu ni fupi: bei ya kitabu igawe kwa mara utakazokisoma. Cha kurudiwa nunua kipya. Cha kusomwa mara moja tafuta mtumba, au kaazime.

Vya kununua vipya

*Nagona* na *Mzingile*, riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, ni nyembamba, na anayenunua kitabu kwa unene ataona anapunjwa. Usiogope. Nilipozisoma mara ya kwanza nilitoka na maswali matupu. Utamu niliupata niliporudia. Riwaya ya namna hii inalipa bei yake polepole, kwa hiyo chukua nakala ambayo haitakufia mkononi.

*Kusadikika* (1951) cha Shaaban Robert kinamalizika kwa jioni moja. Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliolipwa mateso kwa wema wao. Huwa nakirudia kila joto la siasa linapopanda. Kwa kuwa ni kidogo, tofauti ya bei kati ya kipya na mtumba haifai kukusumbua.

*Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, kwa hiyo nakala za mkono wa pili bado ni za kubahatisha. Kijana Yusuf kutolewa kwa tajiri kwa ajili ya deni la baba yake kulinichoma moyo, na Kiswahili chake kimetulia. Mfuko ukiwa mwembamba, changeni watu watatu mpokezane.

Vya kutafuta mtumba

*Vuta N'kuvute* (1999) cha Adam Shafi ndicho ninachompa mtu anayesema riwaya za Kiswahili zinamchosha. Yasmin anaikimbia ndoa ya mzee Raza, anakutana na Denge, na Unguja ya wakati wa ukoloni inachemka. Kimesomeshwa sekondari Tanzania kwa miaka mingi, hivyo nakala zilizotumika hazikosekani. Kasoro yake ni wino: wanafunzi wamepiga mistari na kuandika “dhamira” kila pembeni. Kama hilo halikukeri, lifanye sababu ya kushusha bei.

Kenya mambo ni hayo hayo. *Chozi la Heri* cha Assumpta Matei na tamthilia ya *Kigogo* ya Pauline Kea vilikuwa vitabu teule vya mtihani. Orodha ilipobadilika, mwanafunzi hakuvihitaji tena, na hapo ndipo msomaji wa kawaida anapopata nafuu. Epuka tu kununua shule zinapofunguliwa.

Riwaya za kijasusi za Elvis Musiba zenye Willy Gamba, kama *Njama*, hunikesha usiku mmoja, kisha sina tena la kutafuta humo. Mtumba unatosha. Muuzaji akikuambia bei imepanda kwa kuwa nakala ni adimu, muage kwa heshima.

Cha kuazima

*Rosa Mistika* (1971) ya Kezilahabi niliisoma nikiwa na hasira na Zakaria, baba anayedhani kipigo ndiyo malezi. Ni kazi nzito na ya lazima, lakini sina hamu ya kuirudia. Maktaba inatosha. Uliza mapema ada ya uanachama, dhamana na faini ya kuchelewesha. Halafu ongeza nauli mara nne, maana kuna siku ya kuchukua na siku ya kurudisha.

Gharama zinazojificha

Kuagiza kwa simu: tuseme kitabu ni shilingi 10,000, bodaboda 4,000, kisha makato ya kutuma pesa. Umelipa karibu kitabu kimoja na nusu. Agizeni pamoja na jirani, au pitia dukani siku unayokwenda mjini kwa shughuli nyingine.

Kutoa kopi: kitabu cha kurasa 240, kurasa mbili kwa karatasi, ni karatasi 120. Kwa shilingi 100 kila moja unafika 12,000, na spairo 2,000 juu yake. Huwezi kukiuza baadaye, na mwandishi hakupata hata senti.

Faili za kupokezana kwenye simu: nyingi hazina idhini, kurasa zinaruka, na macho yanauma. Bando na chaji pia ni pesa.

Mwongozo: jalada lina jina la riwaya kwa herufi kubwa na neno “mwongozo” kwa herufi ndogo. Ndani ni uchambuzi tu. Soma jalada lote kabla ya kutoa pesa.

Kwenye meza ya mitumba, fungua kwanza kurasa za mwisho. Ndizo hung'oka mapema. Kisha kunja mgongo taratibu. Gundi ikilia, rudisha. Kilichoshonwa kwa uzi hudumu zaidi.

Uamuzi

Una pesa ya vitabu viwili tu? Chukua *Kusadikika* kipya na *Vuta N'kuvute* mtumba. *Rosa Mistika* kaazime. *Peponi* isubiri mshahara, au wale wenzako wawili wa kuchanga.