Vyuma mdomoni, mpira mguuni

STRAIKA na beki wanaruka kugombea kona. Kiwiko kinatua mdomoni. Mchezaji wa kawaida anatema mate, anasuuza kwa maji, anarudi dimbani. Aliyefungwa vyuma vya kunyoosha meno hesabu yake ni nyingine, maana mdomo umebanwa katikati ya kiwiko na chuma, na inayochanika ni nyama ya ndani.

Chukulia mwanafunzi wa bweni pale Kidugala, wilayani Wanging'ombe. Amefungwa vyuma likizo, anarudi shule, na timu inajiandaa na UMISSETA. Swali la kwanza la wenzake: refa atamruhusu?

Atamruhusu. Sheria namba 4 ya soka inakataza kitu chochote cha hatari na inapiga marufuku vito vyote: pete, mikufu, hereni, hata ukizifunika kwa plasta. Vyuma vya meno si vito, ni tiba, na havivuliwi kwa dakika 90. Hata Cristiano Ronaldo, aliyetua Manchester United mwaka 2003 akiwa na miaka 18, alicheza miaka yake ya mwanzo pale akiwa na vyuma mdomoni. Mabeki wa England hawakumwonea huruma kwa hilo.

Kinachotakiwa ni kinga ya meno, ile ya plastiki laini wanayovaa mabondia. Hapa ndipo wengi wanapigwa chenga. Ile ya bei poa, unayoilainisha kwa maji ya moto halafu unaing'ata ikae umbo la meno yako, haimfai mwenye vyuma. Plastiki inanasa kwenye waya, na tena meno yenyewe yanahama kila wiki, kwa hiyo umbo la leo mwezi ujao halikai. Anahitaji iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye vyuma, yenye nafasi ya kutosha, au aliyopimiwa na daktari wa meno.

Bila hiyo, hasara si damu tu. Kila jino limegandishiwa kipande kidogo cha chuma, waya unapita juu yake na kulivuta taratibu. Kipande kimoja kikibanduka, jino lile linasimama njiani. Tiba yenyewe kwa kawaida inakula mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na mgonjwa anarudi kwa daktari kila baada ya wiki nne hadi nane waya ukazwe au ubadilishwe. Anayetibiwa Muhimbili, Dar es Salaam, kutoka Makambako ni zaidi ya kilomita 600. Kiwiko kimoja kinaweza kumgharimu mzazi nauli ya safari ambayo haikuwa kwenye bajeti. (Na si kiwiko tu: mahindi ya kuchoma ya stendi yanabandua vyuma vizuri kuliko beki yeyote. Yapukuchue kwanza. Viazi vya Njombe vikichemshwa havina shida.)

Waya ukichomoka mechi ikiendelea, mchezaji atoke. Ncha inafunikwa kwa nta maalumu anayopewa na daktari, hata pamba safi inasaidia kwa muda, halafu daktari apigiwe simu. Kuukata mwenyewe kwa koleo la fundi ni kutafuta balaa, kipande kinaweza kumezwa.

Wapo pia wenye vifaa vya kuvua na kuvaa, na waliotolewa vyuma ambao hupewa kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka. Hawa kazi yao ni kinyume: kwenye mechi kinavuliwa. Kiwekwe kwenye kiboksi chake, si ndani ya soksi wala kwenye tishu juu ya benchi, maana benchi likifagiliwa kimeondoka na takataka. Filimbi ya mwisho ikilia kinasuuzwa kwa maji ya baridi, kwani ya moto yanakipinda, na kinarudi mdomoni kabla ya basi kuondoka.