Baa inageuka « klabu »: namna wavutaji wa Bavaria walizunguka sheria

Kama sheria inakataza kuvuta sigara ndani ya baa, halafu mwenye baa anasema kama hapo si baa tena, ni klabu ya watu wake, serikali itafanya nini? Swali hilo lilisumbua jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, zaidi ya miaka miwili.

Tangu tarehe 1 Januari 2008, Bavaria ilikataza kuvuta sigara ndani ya baa na mikahawa. Sababu ilikuwa afya: moshi hauchagui mutu. Anayeleta bia mezani anauvuta siku nzima ya kazi, hata kama yeye hajawahi kuwasha sigara. Lakini sheria iliacha mlango mmoja wazi. Haikugusa mikutano ya faragha, kama vile arusi ao siku kuu ya kuzaliwa, kwani hapo si kila mutu anaingia.

Wenye baa waliona mlango huo mbio. Walibandika karatasi inje: « Klabu ya wavutaji ». Mteja alifika, akaandikisha jina, akapewa kadi, akawa memba. Ndani, meza ni zile zile, bia ni ile ile, na moshi ni ule ule. Maelfu ya baa zilifanya hivyo. Kadiri ya sheria, klabu ya kweli inajua memba wake na inarudisha mpita njia. Lakini kama mutu anaweza kuwa memba palepale mlangoni, nani atabaki inje?

Mwezi wa Agosti 2009, serikali ya jimbo ililegeza sheria zaidi: baa ndogo na vyumba vya pembeni viliruhusiwa kuwa na moshi. Njo wananchi wakaamka. Kampeni iliyoongozwa na chama kidogo cha ÖDP ilikusanya sahihi karibu milioni 1,3, ikalazimisha kura ya maoni. Tarehe 4 Julai 2010, wapiga kura 61 kwa 100 walichagua katazo kali. Lilianza tarehe 1 Agosti, na njia ya klabu ikafungwa. Arusi ya kweli bado inaruhusiwa, lakini baa haiwezi tena kujiita arusi ya kila siku.

Ile kadi ilikuwa inakinga mwenye baa na faini. Mapafu ya mfanyakazi wake haikuyakinga hata siku moja.