Kikopey: Mlo huanzia kwenye mizani, si mezani

MSAFIRI atokaye Nairobi kwenda Nakuru hujua amekaribia Kikopey hata kabla ya kuona kibao. Akishapita njia panda ya Gilgil, moshi wa nyama choma humlaki barabarani, na vijana wa buchari humpungia mikono, kila mmoja akimwita kwake.

Wajapani hupanga foleni kwa bakuli la ramen, yaani tambi ndani ya supu. Sisi wa Bonde la Ufa tuna mbuzi wa Kikopey, karibu na Ziwa Elementaita. Jumapili baada ya ibada, jamaa nzima hujibana ndani ya gari moja kwenda kumla.

Hata hivyo, mzazi mwenye mfuko mwembamba asidhani mlo huu huanzia mezani. Huanzia buchari, nyama ikiwa bado inaning'inia. Tazama kwanza muhuri wa mkaguzi. Kisha chagua: mbavu ni tamu lakini zina mifupa mingi, mguu una mnofu zaidi, hivyo hufaa penye watoto wengi. Uliza bei ya kilo kabla kisu hakijagusa nyama, nawe usibanduke hapo hadi mizani itulie.

Jambo jingine ambalo wengi husahau ni kwamba nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta. Kilo uliyopimiwa mbichi haitafika mezani ikiwa kilo. Anayejua hivyo huongeza kidogo mapema, wala hagombani na mchomaji mbele ya watoto.

Ugali, kachumbari na soda aghalabu hulipiwa kando. Uliza bei zake pia, kwani hapo ndipo hesabu ya wengi huharibika.

Mbuzi hachomwi kwa haraka. Huenda mkangoja karibu saa nzima, basi waagizie watoto supu wasije wakalia njaa. Na yule atakayeshika usukani asiguse pombe. Barabara hii ndiyo ya malori ya kwenda Uganda na Rwanda, nayo haina huruma kwa dereva mlevi.

Nyama ikiisha kukatwakatwa juu ya ubao, chumvi ikiwa pembeni, nawani mikono mle pamoja. Hapa hakuna sahani ya baba wala finyango la mgeni. Ubao ni mmoja, na mdogo kabisa ndiye apishwe kwanza.