Kuatamia kwa kuku

Kuatamia (pia: kulalia mayai) ni tendo la kuku jike kukalia mayai mfululizo na kuyapa joto la mwili wake hadi vifaranga waanguliwe. Kwa kuku kazi hiyo huchukua siku 21. Baada ya hapo jike huwalea vifaranga kwa majuma kadhaa: huwafunika kwa mbawa, huwaongoza kwenye chakula na kuwalinda dhidi ya maadui.

Katika vijiji vya Afrika ya Mashariki, na katika nyua nyingi za mijini, hii ndiyo njia ya kawaida ya kuongeza kuku wa kienyeji. Haihitaji umeme, mafuta ya taa wala mashine ya kutotolea. Udhaifu wake hauko sana katika kuangua, bali katika malezi. Jike mwenye afya huangua sehemu kubwa ya mayai yenye mbegu, lakini vifaranga wengi hufa katika majuma 8 ya kwanza, hasa wakiachwa kuzurura na mama yao tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana kundi linaweza kuangua kila msimu na lisiongezeke.

Chanzo cha tabia

Jike anapomaliza kutaga mkupuo wake, homoni iitwayo prolaktini huongezeka mwilini. Huacha kutaga, hubaki kiotani usiku na mchana, hutuna manyoya na kulia kwa sauti nzito akisogelewa. Manyoya ya tumboni hupungua ili ngozi yenye joto iguse mayai.

Si kuku wote wenye tabia hii kwa kiwango kimoja. Kuku wa kienyeji huatamia vizuri. Kuku wa mayai wa kisasa, kwa mfano Leghorn, huatamia kwa nadra, kwa kuwa kwa vizazi vingi walichaguliwa wale wanaoendelea kutaga.

Kuchagua mayai na kuandaa kiota

Mayai ya kuatamiwa hutoka kwa majike wanaoishi na jogoo. Yawe ya ukubwa wa wastani, yenye ganda zima na safi bila kuoshwa, kwa sababu kuosha huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya. Huhifadhiwa mahali penye kivuli na ubaridi, ncha nyembamba ikiwa chini. Yasipite siku 7 hadi 10. Kwenye joto kali, kama la pwani, muda huo ni mfupi zaidi, maana kiini huanza kukua kidogokidogo kabla ya jike kulalia, kisha hufa.

Jike wa kienyeji hufunika vizuri mayai 10 hadi 13. Akipewa mengi kuliko anavyoweza kufunika, yaliyo pembeni hupoa. Anapoyageuza, mayai hubadilishana nafasi, hivyo mwishowe hata yale yaliyokuwa katikati hupoa kwa zamu yake.

Kiota kinaweza kuwa kikapu, boksi au shimo la kina kifupi lililozungushiwa matofali, chenye upana wa sentimita 35 hivi. Chini huwekwa mchanga kiasi, kisha nyasi kavu zenye umbo la bakuli. Kiwe mahali pa giza kiasi, mbali na majike wengine wanaotaka kutagia humo. Kabla ya jike kuanza, yeye na kiota hunyunyiziwa dawa ya unga ya kuua utitiri. Utitiri ukizidi, jike hukimbia kiota na mayai yote huharibika.

Siku 21

Mayai huhitaji joto la nyuzi 37.5 za selsiasi hivi. Jike huyageuza mara nyingi kwa siku ili kiini kisigande kwenye ganda. Hutoka mara moja au mbili kwa siku kwa dakika 15 hadi 30 kula, kunywa na kutoa kinyesi. Chakula na maji viwe karibu, hasa nafaka, ili asikae nje muda mrefu.

Siku ya 7 mayai hupimwa usiku kwa tochi. Yai lenye kiini huonyesha mishipa ya damu kama utando wa buibui, lisilo na mbegu hupitisha mwanga wote. Upimaji hurudiwa siku ya 14, na mayai viza huondolewa kabla hayajapasuka na kuchafua mengine. Kuanzia siku ya 18 mayai hayaguswi tena.

Kifaranga hutoboa ganda kwa jino dogo lililo juu ya mdomo. Kazi hiyo huweza kuchukua saa 12 hadi 24, na kumsaidia kwa kubandua ganda mara nyingi humtoa damu. Kabla ya kutoka huwa amefyonza kiini cha njano kilichobaki, kinachomtosha kwa siku 2 hadi 3 bila kula. Hivyo mama anaweza kubaki kiotani akiwangoja waliochelewa.

Malezi ya vifaranga

Maadui wakubwa wa vifaranga ni baridi, unyevu, magonjwa na wanyama kama mwewe, kunguru, nguchiro, kenge, paka na panya. Kwa majuma 4 ya kwanza mama na vifaranga hufungiwa bandani au chini ya tenga, na hutolewa tu umande ukishakauka, mtu akiwa karibu. Mama ndiye chanzo cha joto, kwa hiyo taa haihitajiki.

Maji huwekwa kwenye chombo kifupi chenye kokoto ili kifaranga asizame. Chakula cha vifaranga cha dukani kinafaa zaidi. Asiye nacho hutumia chenga za mahindi, dagaa waliosagwa, mchwa na majani mabichi yaliyokatwakatwa. Nafaka peke yake haina protini ya kutosha. Chombo cha vifaranga huwekwa chini ya kizuizi ambacho mama hawezi kupita. Matandiko yakae makavu, maana unyevu hueneza ugonjwa wa kuhara damu.

Ugonjwa wa Newcastle, uitwao pia mdondo au kideri, hauna tiba na huweza kumaliza kundi zima. Chanjo hutolewa kwa tone la jicho au katika maji ya kunywa, na huweza kurudiwa kila baada ya miezi 3. Jike huchanjwa kabla hajaanza kuatamia. Vifaranga wake huzaliwa na kinga kiasi, lakini kinga hiyo hupungua katika majuma machache, kwa hiyo nao huchanjwa kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo. Ndui ya kuku, inayoenezwa na mbu, ina chanjo yake ya kuchomwa kwenye bawa.

Kuatamisha kwa pamoja

Jike wa kienyeji hutaga kwa majuma 2 hadi 3, huatamia 3, kisha huweza kulea hadi 10 au 12. Hivyo hupata mizunguko 3 hivi kwa mwaka. Vifaranga wakitengwa naye wakiwa na majuma 4, na yeye akalishwa vizuri, hurudi kutaga mapema zaidi.

Njia nyingine ni kuwaanzisha majike kadhaa siku moja. Anayetangulia hupewa mayai ya kumshikia nafasi mpaka wenzake nao walalie. Kisha wote hupewa mayai halisi usiku mmoja. Baada ya kuangua, vifaranga wa majike wawili huwekwa usiku chini ya mmoja wao, kabla hawajapita siku 2, maana mama akishawazoea wake huweza kuwadonoa wageni. Mwingine hurudi kutaga.

Kuzuia kuatamia

Jike asiyetakiwa kuatamia huwekwa siku 3 hadi 5 kwenye kizimba kilichoinuliwa, chenye sakafu ya wavu, pamoja na chakula na maji. Hewa ipitayo chini ya tumbo humtuliza. Kumchovya kwenye maji au kumpitisha unyoya puani ni mateso yasiyo ya lazima.

Katika methali

Methali "Teke la kuku halimuumizi mwanawe" hutaja upole wa mzazi hata anapoadhibu. "Mtoto wa kuku hafunzwi kuchakura" ni kweli kwa tendo lenyewe. Lakini ni mama anayemwonyesha kifaranga kinacholiwa, kwa kulia na kudonoa mbele yake.