Kidhibiti Kisichochimba Mfereji Wake

Katika skimu ya umwagiliaji ya Madibira, wilayani Mbarali, yenye hekta zipatazo 3,000, mkulima wa mpunga hachimbi mfereji wake mwenyewe kutoka mto Ndembera. Maji huchukuliwa kwenye banio, hupita mfereji mkuu na mifereji midogo, kisha humfikia langoni mwa jaruba lake. Kama kila mkulima angekata ukingo wa mto apendavyo, kuhamisha banio moja kungelazimu kuchimba upya mashamba yote.

Mafundi wa programu za kompyuta nao walikumbwa na tatizo kama hilo. Mfano ulio karibu ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norwei, kwa kushirikiana na vyuo vingine, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hesabu za wagonjwa zinazoandikwa kwenye vitabu vya MTUHA vijijini huishia humo.

Takwimu zinapowasili kwa njia ya intaneti, hupokewa na sehemu ya programu iitwayo kidhibiti. Kazi yake ni ndogo: kusoma ombi, kuwaita wanaohusika na kurudisha jibu. Ili kuitimiza, huhitaji mkaguzi wa tarakimu na ghala la data. Hivyo ndivyo vitegemezi vyake. Kidhibiti kikijiundia ghala chenyewe hufungwa nalo, wala hakiwezi kujaribiwa bila kugusa takwimu halisi. Hapo ndipo penye hatari, maana jaribio moja la ovyo laweza kuacha wagonjwa hewa wa malaria katika hesabu zinazotumika kupanga huduma.

DHIS2 imeandikwa kwa lugha ya Java, nayo hutumia Spring, kiunzi kilichotokana na kitabu cha Rod Johnson cha mwaka 2002. Kidhibiti hutaja tu kinachohitaji. Spring huviunda vitegemezi hivyo na kukikabidhi kinapoundwa. Siku ya majaribio, fundi hukikabidhi ghala bandia lenye mistari mitatu ya tarakimu, nacho hakitambui tofauti, kama vile jaruba lisivyouliza iwapo maji yametoka Ndembera au kwenye ndoo.

Wapo wanaolalamika kwamba msomaji wa programu ya namna hii haoni upesi ghala limetoka wapi. Malalamiko hayo yana haki kiasi. Hata hivyo, orodha ya vitegemezi hufichua mengi: kidhibiti kinachodai vitegemezi kumi na viwili kimebeba kazi za wengine, na yafaa kigawanywe.